Kasha la iliki kwa rangi mbili: shajara ya kuandaa faili la kiwandani

Kazi yenyewe: kasha la iliki la gramu 50 kwa kikundi cha kinamama wa Muheza, mkoani Tanga, wanaofungasha iliki ya milima ya Amani. Makasha 3,000, kadi nyeupe ya gramu 250 iliyong'arishwa upande mmoja, rangi mbili tu. Kuchapa ni Dar es Salaam, kwenye Heidelberg GTO 52, mashine ndogo ya ofseti ya rangi moja, kwa hiyo kila karatasi inapita mashineni mara mbili. Naongeza maandishi kila hatua inapoisha. Anayetaka kuiga na aige. Hatua za kawaida nimezipitia juu juu.

10 Februari 2025: Kwa nini rangi mbili

Kikundi kilikuja na picha ya kasha la rangi nne, lile ambalo mafundi wanaliita full kala. Tatizo ni rangi ya chungwa. Ukiichanganya kwa vitone vya njano na majenta inatoka imefifia, inaelekea matofali. Chungwa wanalolitaka ni PANTONE Orange 021 (Pantone ni mfumo wa rangi zenye majina na namba, wa wino wa kopo), na hilo haliko ndani ya uwezo wa wino nne za kawaida: sayani, majenta, njano na nyeusi. Linatoka kwenye kopo lake au halitoki.

Rangi ya pili ni PANTONE Reflex Blue, ambayo tayari iko kwenye nembo yao. Sababu nyingine ya kuzipenda hizi mbili ni kwamba zote ni wino za msingi katika mfumo wa Pantone, wala si mchanganyiko. Fundi hapimi gramu za wino huyu na yule kwenye mizani, anafungua kopo na kupaka. Oda ya pili ikija mwakani, rangi itarudi karibu na ile ile hata fundi akiwa mwingine.

Kwa upande wa pesa, pleti moja (bati linalobeba picha ya rangi moja mashineni) hapa ni Sh 25,000. Rangi nne ni laki moja ya pleti kabla hata karatasi haijaguswa, rangi mbili ni nusu yake. Kisu cha kukatia kasha ni Sh 150,000 kwa vyovyote vile.

Kipimo cha kasha likiwa limefunguliwa ni sentimita 23.5 kwa 23, na karatasi ya GTO ni 36 kwa 52. Yanaingia makasha mawili kwa karatasi, na nafasi inabaki ya alama za kukatia na milimita 3 za ziada pembeni. Karatasi 1,500, na nyongeza ya mia moja na hamsini ya kuharibu.

13 Februari: Pleti nane

Nimeweka nembo, maandishi ya lazima, msimbo wa mistari na mchoro wa iliki kwenye mpangilio mmoja, nikatoa PDF ya majaribio na kumpelekea fundi wa pleti aitazame kabla sijaendelea. Jibu lake: "Dada, hii ni kazi ya rangi mbili au nane?"

Alikuwa sahihi. Kwenye orodha ya wino yalionekana haya: sayani, majenta, njano, nyeusi, PANTONE Orange 021 C, PANTONE Reflex Blue C, PANTONE Reflex Blue CV na PANTONE Reflex Blue U.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo naeleza kwa kirefu. Faili la aina hii halibebi rangi. Linabeba majina, na kwa kila jina linabeba picha moja ya nyeusi na nyeupe inayoonyesha wino huo utue wapi. Kompyuta ya pleti haijui kwamba Reflex Blue CV na Reflex Blue C ni kopo moja. Inaona herufi tofauti, inatoa pleti tofauti. Hata nafasi moja iliyozidi katikati ya jina inatosha kukuletea pleti ya ziada.

Kila moja imetoka wapi? CV ni mtindo wa majina wa programu za zamani, na nembo ya kikundi ilichorwa miaka hiyo. U imetoka kwenye barua yao yenye kichwa, iliyochapwa kwenye bond, karatasi ya kawaida ya ofisi isiyong'arishwa. C na U ni wino ule ule. Herufi inakuambia tu kitabu cha rangi ulichotazama kilichapwa kwenye karatasi ya aina gani: iliyong'arishwa au isiyong'arishwa. Kadi yetu inang'aa, kwa hiyo C.

Sayani, majenta, njano na nyeusi zililetwa na vitu vitatu: msimbo wa mistari uliokuja kama picha ya JPEG, kivuli chini ya nembo, na mstari mmoja wa "Hifadhi mahali pakavu" uliobandikwa kutoka Word ukiwa na weusi wake.

Marekebisho: nimefuta Reflex Blue CV na U kwenye orodha ya rangi, na programu ilipouliza nafasi zao zichukuliwe na nini nikachagua C. Hii ni bora kuliko njia ya mkato ya Acrobat Pro (programu ya kukagua na kurekebisha PDF), ambako unaweza kuambia wino mmoja ujifanye mwingine wakati wa kutoa. Njia hiyo inafanya kazi, lakini ugonjwa unabaki ndani ya faili, na mtu mwingine akilifungua atarudishiwa pleti nane.

18 Februari: Vitabu vya Pantone havimo tena

Kwa wanaotumia Illustrator mpya, programu ya kuchora ya Adobe: mwishoni mwa 2022 Adobe waliondoa sehemu kubwa ya maktaba za Pantone, na sasa anayezitaka analipia usajili. Usiogope. Kwa kazi ya rangi mbili huhitaji maktaba. Tengeneza rangi mpya, aina yake iwe rangi maalumu (spot, yaani ya kopo lake), jina uliandike kama lilivyo kwenye kitabu: PANTONE Orange 021 C. Namba utakazoweka za kuonyesha kwenye kioo hazina kazi kwenye pleti, ni za macho yako tu. Hata ukiipaka kijani kibichi kwenye kioo, fundi atafungua kopo la chungwa kwa sababu ndivyo jina linavyosema.

Kinachohitajika kweli ni kitabu cha Pantone cha karatasi, cha kushika mkononi, kwa ajili ya kukubaliana na mteja. Nimemwonyesha Mama Mwenyekiti vipande viwili karibu na dirisha, si chini ya taa ya dukani. Taa ya tyubu inageuza chungwa hili vibaya. Ameweka saini kwenye karatasi ya kazi pembeni ya majina ya rangi, na prufu (nakala ya kukagulia) iliyotoka kwenye printa ya ofisi nimeiandikia kwa kalamu kubwa: MPANGILIO TU, SI RANGI. Printa hiyo nayo inachanganya wino nne, inarudi kwenye matofali yale yale.

19 Februari: Msimbo wa mistari

Ule wa JPEG nimeutupa, nikajenga mpya kwa mistari halisi, EAN-13 (msimbo wa dukani wa tarakimu 13) inayoanza na 620 ya Tanzania, ukubwa wa kawaida wa milimita 37.29 kwa upana pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Mistari yote ni Reflex Blue asilimia 100, bila chembe ya chungwa.

Kwenye mchoro wao wa kwanza mistari ilikuwa ya chungwa juu ya nyeupe, ipendeze. Haitasomeka. Skana nyingi za kaunta zinatumia mwanga mwekundu, na kwa mwanga huo chungwa ni sawa na nyeupe, yaani skana inaona karatasi tupu. Kamera ya simu inaweza kuisoma ikakudanganya. Kinyume chake kinafaa: mistari ya bluu juu ya chungwa inasomeka vizuri tu.

21 Februari: Maandishi meupe yaliyopotea

Kwenye kisanduku cha bluu upande wa nyuma kuna maneno meupe, "Imefungashwa Muheza". Kwenye kioo yanaonekana. Kwenye pleti hayapo.

Sababu ni ovaprinti. Kitu chenye ovaprinti kinachapwa juu ya kilicho chini yake bila kutoboa tundu. Kwa maandishi meusi hilo ni jambo zuri. Lakini nyeupe hapa si wino, ni tundu tu ambalo karatasi inaonekana kupitia kwake. Ukiiambia nyeupe isitoboe, haifanyi chochote. Maneno hayo yalikuwa meusi kwenye faili la zamani yakiwa na ovaprinti, baadaye yakageuzwa kuwa meupe, na alama ile ikabaki kimya kimya.

Dawa ni kuwasha mwonekano wa ovaprinti tangu mwanzo wa kazi na kuuacha umewashwa. Illustrator ina mpangilio wa kutupa ovaprinti nyeupe wakati wa kutoa, ila usiutegemee, mafaili ya zamani yanakuja na mipangilio yake.

Kivuli cha nembo nacho: kivuli cha kawaida huzaliwa kikiwa cheusi, ndiyo maana pleti nyeusi ilikuwa inarudi kila nikitoa PDF. Unaweza kukibadili kiwe Reflex Blue, na kwenye mipangilio ya athari za picha uweke tiki ya kuhifadhi rangi maalumu. Nilijaribu, kikakubali. Kisha nikakiondoa kabisa. Kivuli laini kwenye GTO ya rangi moja kinaonekana kama uchafu wa roli.

Jambo dogo: mteremko wa rangi unaoishia kwenye nyeupe, uishie kwenye asilimia 0 ya rangi ile ile ulioanza nayo. Nyeupe ya kawaida inaleta pleti usizozitarajia.

27 Februari: Kupandishana kingo

Karatasi ikipita mara mbili haitui pale pale. Kadi inanyonya unyevu wa mashine kwenye mzunguko wa kwanza, inatanuka kidogo, na katikati ya mizunguko inalala kwenye hewa ya Dar. Pale chungwa na bluu zinapogusana, mstari mweupe mwembamba kama unywele utajitokeza.

Kanuni ni kutanua rangi nyepesi iingie chini ya rangi nzito. Nimeipa kila umbo la chungwa linalogusa bluu mstari wa pembeni wa chungwa wenye ovaprinti, unene milimita 0.4. Nusu ya mstari inabaki ndani ya umbo, kwa hiyo kinachopanda kwenye bluu ni milimita 0.2. Kwenye mashine ya rangi nne inayochapa kwa mpigo mmoja ningeweka nusu ya hapo.

Maandishi madogo ya bluu yaliyo juu ya chungwa sikuyatobolea kitu, yote ni ovaprinti. Wino wa ofseti unapitisha mwanga, kwa hiyo bluu juu ya chungwa inageuka karibu nyeusi, na kwa maelezo ya viambato hilo halina ubaya wowote. Inasomeka kuliko bluu yenyewe.

4 Machi: Kukagua na kukabidhi

PDF/X-1a (PDF ya viwango vya uchapaji), fonti zimegeuzwa kuwa maumbo, alama za kukatia kwa rangi ya rejista ili zitokee kwenye pleti zote mbili. Kabla ya kukabidhi nimezitazama pleti mojamoja kwenye Acrobat Pro. Asiye nayo atumie Ghostscript, ambayo ni ya bure:

gs -o kasha.tif -sDEVICE=tiffsep -r300 kasha.pdf

Itakupa faili moja la kijivu kwa kila wino, jina la rangi likiwa ndani ya jina la faili. Sayani, majenta, njano na nyeusi zitatoka hata kama hazina kitu, usishtuke. Zifungue uhakikishe ni nyeupe tupu isipokuwa alama za kukatia, ambazo kwa rangi ya rejista hutokea kwenye kila faili. Zangu hazina kingine. Scribus, programu ya bure ya kupanga kurasa, nayo inashika rangi maalumu vizuri na kutoa PDF/X. Inkscape ni nzuri kwa kuchora, lakini usitarajie ikutolee pleti za kopo.

Pleti mbili: Sh 50,000. Mfungo umeshaanza na kikundi kinataka mzigo ufike kabla ya Sikukuu.

10 Machi: Chungwa

Karatasi 1,650 zimepita. Hakuna la kusimulia, rangi inawaka.

11 Machi: Bluu, na mchoro uliochafuka

Kwenye karatasi za mwanzo za bluu, kila kitu kilikaa isipokuwa mchoro wa iliki. Mchoro una kivuli cha asilimia 40 ya bluu kilicholala juu ya asilimia 30 ya chungwa. Karatasi moja kivuli kina wekundu wa kahawia, inayofuata kimepoa na kuelekea kijivu, inayofuata kimerudi. Fundi hakuwa amegusa wino.

Nililiweka jicho kwenye lenzi ya kukuzia. Vitone vya rangi zote mbili vimejipanga kwenye mistari ya pembe moja. Vikikaa kimoja juu ya kingine, unapata rangi fulani. Karatasi ikisogea nusu ya upana wa kitone, vinakaa pembeni kwa pembeni na rangi inabadilika. Kwa wino nne za kawaida kompyuta ya pleti inajua kuzitawanya: sayani nyuzi 15, majenta 75, njano 0, nyeusi 45. Rangi maalumu, usipoiambia kitu, nyingi zinaangukia 45. Zetu zote mbili zilikuwa 45.

Hili halionekani kwenye PDF wala kwenye prufu ya printa. PDF yetu haikubeba pembe za vitone, zinapangwa kwenye kompyuta ya pleti, kwa hiyo ni jambo la kuandika kwa maneno kwenye karatasi ya kazi.

Kwa kawaida ungeipa rangi nzito 45 na kuhamisha ile nyepesi. Chungwa lilikuwa limeshachapwa lote. Ikabidi bluu ndiyo ihame: pleti mpya, nyuzi 75. Sh 25,000 nyingine, na karatasi kadhaa za kujaribia zimekwenda na maji.

Kama kazi yako ni rangi nzima nzima, bila kivuli cha vitone juu ya kivuli, pembe hazikuhusu.

13 Machi: Bluu tena

Nyuzi 75, mchoro umetulia kuanzia karatasi ya kwanza hadi nusu ya mzigo. Tukasimama kwa futari.

14 Machi: Haikauki

Asubuhi tulipofunua rundo, karatasi za chini zilikuwa na mizimu ya bluu mgongoni. Upande huo ndio ndani ya kasha. Iliki yenyewe imo kwenye mfuko wake na haigusi kadi, lakini hakuna mteja atakayefungua kasha lenye madoa akafurahi.

Reflex Blue inajulikana kwa hili duniani kote: wino wake unachelewa kukauka kuliko karibu wenzake wote. Ongeza hewa nzito ya Machi, ongeza kisanduku kikubwa cha bluu nzima upande wa nyuma, ongeza rundo refu ambalo uzito wake unabana za chini. Kwa mpangilio huu tungeshangaa ikikauka.

Nusu iliyobaki imechapwa leo hivi: unga wa kutenganisha karatasi umeongezwa, marundo hayazidi urefu wa shubiri, kila rundo kwenye ubao wake. Fundi amepima maji ya mashine pia, kwa sababu yakizidi asidi wino unazidi kuchelewa. Yalikuwa yamezidi, akayabadilisha. Nilimwuliza kuhusu dawa ya kukaushia, akasema, "Kidogo tu, dada. Ikizidi wino unakaukia mashineni badala ya kwenye karatasi."

Karatasi zilizochafuka tumezitenga. Zilizo na doa hafifu zitatumika kwa makasha ya maonyesho, zilizobaki ni hasara. Nyongeza ya mia moja na hamsini imemezwa yote na kazi itapungua kidogo chini ya 3,000. Mama Mwenyekiti nimempigia simu leo leo, kabla hajaanza kuhesabu kwenye maboksi.

19 Machi: Kukata na kubandika

Tumesubiri hadi kidole kikisuguliwa kwenye bluu kitoke safi, ndipo kisu kikaingia. Wazo la kuweka laminesheni ya plastiki lilijitokeza na nikalikataa: wino ambao haujakauka ukifungiwa chini ya plastiki utaleta mapovu. Vanishi ya maji ingefaa, ila kiwanda hiki hakina.

Kosa moja la faili limejitokeza hapa: ulimi wa gundi ulikuwa na bluu juu yake. Gundi haishiki vizuri kwenye wino mzito. Kinamama wamebandika kwa mkono na kukandamiza zaidi, imekubali, lakini kwenye faili nimeshaufuta wino wote wa ulimi na kuacha milimita 2 tu zinazoingia chini ya mkunjo.

24 Machi: Yamekwenda, na yanayofuata

Maboksi yamepakiwa kwenye basi la Tanga asubuhi. Pleti zimekula Sh 75,000 badala ya 50,000. Bado ni chini ya laki moja ya rangi nne.

Kwenye karatasi ya kazi ya oda ijayo nimeongeza mistari hii: majina mawili ya wino na hakuna jingine, chungwa nyuzi 75 na bluu 45, bluu kwa marundo mafupi. Kisanduku cha nyuma nimekigeuza kutoka bluu nzima kuwa fremu yenye maandishi ya bluu juu ya nyeupe. Wino unapungua na maneno "Imefungashwa Muheza" hayahitaji tena kutobolewa.

Kikundi sasa kinataka kasha la pilipili manga la ukubwa ule ule. Ningependa chungwa liwe pleti ya pamoja kwa bidhaa zote, na bluu peke yake ndiyo ibadilike: jina la bidhaa, viambato, msimbo. Pleti ikipakwa gundi ya gamu arabiki na kuhifadhiwa pakavu inarudi mashineni. Hii ya sasa haifai, ina kivuli cha iliki ndani yake. Wiki hii nauhamishia mchoro wote kwenye bluu, na chungwa linabaki na duara tupu nyuma yake.